Kipande Kilichohama

Benchi lilikuwa ubao mmoja mpana uliopigiliwa juu ya magogo mawili, kwenye baraza fupi iliyounganisha kibanda cha kinyozi na duka la mbegu na chakula cha kuku. Wenyewe walijuana. Kulikuwa na Kifungu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hata ukimuuliza saa anakujibu kama anasoma hukumu. Kulikuwa na Betri, fundi wa simu, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake hauishi chaji. Kulikuwa na Mama Mbegu, mwenye duka, ambaye hakukaa benchini bali aliweka kigoda chake mlangoni ili aone wateja. Na kulikuwa na Kinyozi mwenyewe, ambaye kwa kawaida aliwasikiliza akiwa kazini, mashine mkononi, kisha akawatupia neno moja kupitia mlangoni wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Birika lilikuja saa tatu, na likikauka kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Siku hiyo Kinyozi alikuwa nje, katikati ya benchi, koti lake jeupe la kazi limefungwa vifungo vyote, bahasha mkononi. Ndani ya kibanda mteja mmoja alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni na povu kidevuni, akingoja kunyolewa ndevu. Kinyozi alimpaka povu, akamwomba dakika mbili, akatoka. Dakika mbili zilikuwa zimeshafika kumi.

Hakuna aliyeuliza bahasha ni ya nini. Mtoto wake wa pekee, wa miaka minne, alikuwa wodini siku ya sita, goti limevimba likawa nene kuliko paja, kwa damu iliyovujia ndani ya kiungo. Damu yake haikuganda kama za wenzake. Dalili zilianza tangu alipojifunza kutambaa: kila alipogusa sakafu, ngozi ikafanya madoa ya zambarau. Majirani wakanong'ona kwamba mama yake ana mkono mwepesi wa kupiga. Mke wa Kinyozi alilimeza neno hilo mwaka mzima, akawa anamvalisha mtoto suruali ndefu hata wakati wa joto, mpaka siku mtoto alipojing'ata ulimi na damu ikatoka toka asubuhi mpaka magharibi. Hapo ndipo hospitali ikaupa ugonjwa jina.

Daktari wa kliniki ya damu aliwaeleza kwamba mara nyingi ugonjwa huo hupitia kwa mama kwenda kwa mtoto wa kiume, mama mwenyewe akiwa mzima. Akasema mara nyingi, hakusema kila mara. Lakini Kinyozi, jioni ile ile, kichwa kikiwa kimemjaa, alikwenda kwa mama yake mzazi akalitua neno hilo kama lilivyo, na njiani "mara nyingi" ikadondoka. Tangu siku hiyo alijuta. Mama yake alihesabu: kama damu ya mkwe ina kasoro, basi kila mtoto wa kiume atakayemzaa ni wa kulala hospitali. Habari ikavuka, ikafika kwa watu waliokuwa wamemposa mdogo wa mkewe, nao wakasimamisha mambo ya harusi mpaka waelewe.

Ndiyo maana damu za wote watatu, baba, mama na mtoto, zilichukuliwa zikapelekwa maabara kubwa. Na ndiyo maana asubuhi hiyo kaka mkubwa wa Kinyozi, dereva wa lori, alikuwa ameegesha lori barabara kuu akaja kwa miguu. Kikao cha familia, cha kuamua kama mke wa Kinyozi abaki au arudishwe kwao, kilikuwa saa tisa alasiri. Alisimama mbele ya benchi, funguo za lori zikining'inia kidoleni, akakataa kahawa.

— Mama anataka jibu moja tu, alisema. Ni yeye au si yeye?

Kinyozi aliisoma barua mara tatu tangu alipoichukua kliniki, na kila alipofika katikati maneno yalimtoroka. Akampa Kifungu. Kifungu akavaa miwani, akajiweka sawa, akasoma kwa sauti ya mahakamani. Damu ya mama, barua ilisema, imechunguzwa na haina hitilafu. Ya baba pia haina. Kwa mtoto, jeni inayotengeneza protini ya kugandisha damu imekatizwa katikati na kipande cha vinasaba chenye tabia ya kujinakili na kuhama. Hitilafu hiyo ni mpya; imeanza kwake. Wazazi wakipenda maelezo zaidi, wafike kliniki siku ya Alhamisi.

Kifungu akavua miwani. Betri, ambaye kukaa kimya kwake kwa muda huo wote kulikuwa tayari ni muujiza, akasogea mbele.

Alianza kwa upole. Alisema yeye hasemi kitu, ila barua imesema yenyewe: kasoro haipo kwa baba, haipo kwa mama, ipo kwa mtoto. Sasa kitu kisichokuwepo kwa wazazi kimetoka wapi kama si kwa wazazi wengine? Wodi za uzazi zina watoto wengi, usiku manesi wanachoka, vitanda vinafanana.

Kinyozi alimwangalia mpaka Betri akashusha macho kwenye kikombe. Kifungu akasema kwamba barua imethibitisha mtoto ni wa wazazi hawa, ukurasa wa pili, aya ya mwisho, na kama Betri hana kusoma basi awe na kusikiliza.

Betri hakushindwa. Akahamia kwenye mnara wa simu. Ulisimikwa nyuma ya nyumba ya Kinyozi mwaka ule ule mkewe alipokuwa mjamzito. Yeye anazijua simu ndani na nje. Anajua mawimbi yanavyoweza kuchanganya kumbukumbu ya simu, namba ya shangazi ikaonekana kwenye jina la fundi bomba. Kama mawimbi yanaruka, na vipande vinaruka, je, ni nani asiyeona?

— Mnara huo unapiga nyumba zote za mtaa, alisema Mama Mbegu kutoka kwenye kigoda chake. Mbona watoto wengine damu zao zinaganda?

Kaka mtu hakuwa na haja na mnara. Alikuwa ameshika neno moja ndani ya barua na hakuliachia.

— Wameandika kimehama, alisema. Kitu kinachohama kina kinakotoka. Hakihami hewani. Nataka kujua kimehama kutoka kwa nani.

Swali hilo ndilo Kinyozi alilokuwa akijiuliza yeye mwenyewe tangu kliniki na kuona haya kujiuliza. Alitaka barua iseme si mke wake. Lakini kwenye kona moja ya moyo, ambayo asingemwonyesha mtu, alitaka pia iseme si yeye. Na kama lazima awe mmoja, basi... Hakulimaliza wazo hilo. Akanywa kahawa yake ambayo ilishapoa.

Mama Mbegu akainuka. Watu wengi walimjua kama mwanamke wa kupima pumba za kuku, lakini kabla ya duka alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, akivisha mbelewele mifuko ya karatasi ili chavua isipeperuke, akichavusha mhindi mmoja mmoja kwa mkono na kuandika nani kazaa na nani. Aliingia dukani, wakamsikia akivuta debe, akarudi na hindi moja kavu. Punje zake nyingi zilikuwa nyeupe, lakini juu ya weupe kulikuwa na madoa ya zambarau. Nyingine zilikuwa na vitone vidogo kama vya kalamu iliyovuja, nyingine na baka kubwa lililofunika nusu ya punje.

Akampa kaka mtu alishike.

— Hilo lilitakiwa kuwa la zambarau lote, alisema. Unajua kwa nini ni jeupe?

Kaka mtu akasema labda limechanganyika na jeupe shambani. Mama Mbegu akatikisa kichwa. Alieleza polepole, kama mtu aliyewahi kueleza jambo hilo kwa vibarua wengi juani. Kwenye kila punje kuna maagizo ya kutengeneza rangi. Sasa ndani ya mhindi kuna vipande vya vinasaba visivyotulia. Kipande kimoja kikiondoka kilipokuwa na kujipachika katikati ya maagizo ya rangi, maagizo yanakatika, punje inatoka nyeupe. Lakini punje inapokua, kipande kile kinaweza kung'oka tena kwenye seli moja. Seli hiyo inapata rangi yake, na zote zitakazozaliwa kutoka kwake zinapata. Kikitoka mapema, baka kubwa. Kikichelewa, kitone.

— Kwa hiyo ni ugonjwa wa mahindi, akasema Betri.

— Si ugonjwa. Ni wakazi. Zaidi ya nusu ya maagizo yote ya mhindi ni vipande vya namna hiyo na mabaki yake.

— Hayo ni mahindi, kaka mtu alisema. Sisi ni watu.

— Na sisi karibu nusu.

Betri akacheka, akaona hakuna anayecheka naye. Kaka mtu aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeona anachezewa, kama anaambiwa kwamba nusu yake yeye si yeye. Mama Mbegu akamjibu kwamba nusu yake, na nusu ya Kifungu, na nusu ya mama yake anayengoja kikao, imejengwa na vipande vilivyoingia zamani za kale, vikajinakili na kusambaa. Vingi vimeshakufa, vimelala humo kama matofali ya nyumba ya zamani. Vichache bado vina nguvu ya kutoa nakala, na mwili unavifungia ili visitembee ovyo. Na si vyote vya hasara. Vingine vimetua karibu na jeni vikawa kama swichi yake: vikaifanya iwake mahali ambapo haikuwa ikiwaka, au izimike mapema. Vingine mwili umeviajiri kabisa. Kituoni waliwahi kufundishwa kwamba hata kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, linatumia jeni iliyotoka kwa wageni wa namna hiyo.

— Kwa hiyo usiniulize kimetoka kwa nani, alimaliza. Kila mmoja wetu hapa anavyo. Mama yako anavyo. Kimetoa nakala, nakala ikaangukia pabaya. Kingeangukia hatua mbili pembeni, mtoto angekuwa anacheza na tusingejua chochote.

Muuza kahawa, aliyekuwa amekuja kujaza vikombe, alijaza bila kugongesha.

Kinyozi alikuwa amelichukua hindi kutoka mkononi mwa kaka yake. Alilizungusha. Kidole chake kikasimama juu ya punje yenye baka kubwa, ile ambayo kipande kilitoka mapema na rangi ikarudi karibu yote. Akahisi kitu kikimpanda kifuani ambacho hakuwa nacho kwa miezi mingi, na akaogopa kuuliza, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

— Mama, na hicho cha mwanangu. Nacho kinaweza kutoka?

Kinyozi alimwona Mama Mbegu akitafuta namna ya kulisema, na kwa kule kutafuta tu alishalijua jibu.

— Hapana, mwanangu. Vya mahindi haya hukatika vikaondoka. Vile vyetu vinavyohangaika havifanyi hivyo. Vinaacha nakala. Nakala ikishakaa, imekaa.

— Hata akikua.

— Hata akikua. Atachomwa dawa ya kugandisha damu, na akiipata kwa wakati ataishi, atasoma, atazeeka. Lakini hicho atakuwa nacho.

Kinyozi akaliweka hindi benchini, akatazama barabara. Kifungu akakohoa kidogo na kusema kwamba mahakamani, neno la kweli lililochelewa kusemwa ndilo lililowaumiza watu zaidi. Kinyozi hakumsikia vizuri. Alikuwa akifikiria kiti chake cha kunyolea na nyembe zote alizozishika maishani, na mtoto ambaye hatamfundisha kazi hiyo kamwe.

Betri hapo ndipo alipoharibu. Baadaye alisema hakuwa na nia mbaya, na huenda ni kweli. Alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia kimya. Aliona watu wamezama, akataka kuwavuta, akavuta upande usiofaa. Alisema kwamba yeye sasa ameelewa. Vipande vinahama. Sawa. Na mwenzetu ni kinyozi. Kila siku kichwa hiki, kidevu kile, mkwaruzo hapa, tone la damu pale. Wembe unapita kwa mteja, unamgusa yeye kidoleni, yeye anarudi nyumbani. Nani anajua amebeba vipande vya watu wangapi? Na kama vinaweza kuja kwake, basi vinaweza pia...

Hakuimalizia. Ndani ya kibanda kiti kiliguna. Mteja mwenye povu alikuwa amesimama. Alijifuta kidevu kwa shuka yenyewe, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akatoka. Alisema amekumbuka ana safari. Hakumtazama mtu. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa bado na povu sikioni.

Wote wakamtazama mpaka alipokata kona.

Kinyozi akasema kwa sauti ya chini, bila kumgeukia Betri:

— Kila mteja namfungulia wembe mpya mbele ya macho yake. Unajua hivyo. Umenyolewa hapa miaka sita.

Betri alijua. Uso ulimwiva. Mama Mbegu akamwambia, kwa ukali ambao hawakumzoea nao, kwamba vipande hivyo haviruki kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, wala haviambukizi kwa wembe, kikombe au kitanda. Vinahama ndani ya seli, humo humo, na mtu hawezi kuvipata kwa kumgusa mwenzake. Kama neno lile la wembe litasikika mtaani kesho, atajua limetoka mdomo gani, na hapo kwenye benchi patakuwa hapakaliki. Betri akasema amesikia. Akasema pia samahani, lakini ilitoka ndogo, na mteja alishakwenda.

Kaka mtu alikuwa ametulia kwa muda huo wote, akipima. Hakuwa mtu mbaya. Alimlea Kinyozi baba yao alipofariki, alimnunulia mashine ya kwanza ya kunyolea, na kila akipita njia hiyo alimshushia mtoto gunia la makaa au kreti ya soda. Lakini mama yao alikuwa amemtuma, na yeye hakuwahi kurudi kwa mama bila alichotumwa.

— Nimeelewa habari ya mahindi, alisema. Lakini mtoto huyu alitoka kwenye yai. Yai lilikuwa la nani? Hiyo nakala iliangukia mahali ambapo mtoto wa kiume hupata kwa mama yake tu. Daktari mwenyewe ndivyo alivyosema. Sasa hata kama shemeji damu yake ni safi, jambo lilitokea upande wake.

Mama Mbegu akasema huenda lilitokea kwenye yai, huenda lilitokea siku chache baada ya mimba kuingia, wakati mtoto ni seli chache, za baba na mama zikiwa zimeshachanganyika. Barua haikusema na huenda hakuna wa kusema. Akauliza, hata likitokea kwenye yai, mwenye yai alifanya nini? Alilala upande gani? Alikula nini? Mwanamke hajui yai lake liko wapi, sembuse kipande ndani yake.

— Mimi sisemi amefanya, kaka mtu akajibu. Nasema mama atauliza hivyo.

Kifungu akaomba kusema. Hakuna aliyemzuia. Alisema mwaka mmoja, alipokuwa karani kijana, ukurasa wa faili nyingine ulijipachika katikati ya hukumu. Ukurasa mmoja tu, wa kesi ya mpaka wa shamba, ukaingia kwenye hukumu ya mtu aliyeachiwa huru. Hukumu ikawa haisomeki. Hakimu akaagiza itafutwe imekuwaje. Wakahojiwa wapiga chapa, wakahojiwa makarani, ikaundwa kamati, kila idara ikamnyooshea kidole mwenzake. Walitafuta aliyeuweka ule ukurasa kwa miezi kumi na moja, na miezi yote hiyo yule mtu aliyeachiwa huru alikuwa rumande, kwa sababu karatasi yake ilikuwa haijasomeka. Kifungu alikuwa akimpelekea hati za kusaini. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kikohozi.

— Mlimpata? aliuliza Betri. Aliyeuweka.

— Hatukumpata, Kifungu alisema, akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Kaka mtu akatazama saa. Alisema ana mzigo wa kushusha kabla ya saa nane, na saa tisa lazima awe kwa mama. Akamwinamia mdogo wake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake ikalainika.

— Mdogo wangu. Watu hawa wote wamesema. Wewe mwenye mke hujasema. Nikifika pale nitaulizwa, yeye mwenyewe anasemaje. Anarudi kwao au anabaki? Nimwambie nini mama?

Kinyozi alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi, yote yamegongana mlangoni. Alitaka kusema kwamba anabaki, na papo hapo akamwona mama yake akigeuzia uso ukutani. Alitaka kusema barua imemsafisha, na akakumbuka kwamba bila barua asingekuwa na la kusema, na hilo lilimtia haya kuliko yote. Benchi zima lilimwelekea.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwa Mama Mbegu, ndoo tupu mkononi. Hakuwa wa mtaa huo. Alikuwa amehamia karibuni, nyumba za nyuma, na alikuja kununua chakula cha vifaranga. Mama Mbegu alikuwa amemsahau kabisa. Kwa jinsi alivyosimama, alikuwa amesikia ya kutosha. Alisubiri kidogo aone kama mtu atasema kitu, na alipoona hakuna, akauliza kwa adabu, kama mtu anayepisha njia:

— Samahanini. Huyo mtoto leo ameamkaje?

Kifungu alitazama barua, kana kwamba ingekuwa imeandikwa humo. Betri alimtazama Kifungu. Kaka mtu alisafiri usiku kucha na moja kwa moja alikuja benchini. Alijua goti limevimba kwa sababu aliambiwa kwa simu siku ya Jumapili, na hiyo ilikuwa Ijumaa. Mmoja baada ya mwingine wakamgeukia baba wa mtoto.

Kinyozi hakujua. Siku mbili za kwanza alilala sakafuni wodini. Siku ya tatu asubuhi alikwenda akatoka mapema. Tangu hapo alipeleka nguo na chai kwa mlinzi wa getini, akisema kazi zimembana. Asubuhi hii alipochukua barua alipita chini ya madirisha ya wodi ya watoto, akaharakisha, kwa sababu hakutaka kuonana na mkewe kabla hajajua barua imemwambia nini.

— Sijui, alisema.

Alisimama. Alifungua vifungo vya koti la kazi kimoja kimoja, akalitundika kwenye msumari ndani ya mlango, akavuta mlango akaufunga kwa kufuli. Mama Mbegu aliichukua ndoo ya yule mwanamke, akaingia kupima.

— Na kikao? kaka mtu aliuliza nyuma yake.

— Mwambie mama nimekwenda wodini.

— Hilo si jibu alilonituma.

— Mwambie hivyo hivyo.

Alitembea. Haikuwa mbali, mtu akienda mwendo wa kawaida ni dakika ishirini, na yeye alitumia kumi na tatu. Getini mlinzi alinyoosha mkono kupokea mfuko, akakuta hana mfuko, akampisha.

Wodi ilinukia dawa ya sakafu. Mkewe alikuwa amekaa pembeni ya kitanda cha nne, akimshikia mtoto kitambaa chenye barafu juu ya goti. Mtoto alikuwa amelala chali, macho wazi, akihesabu kwa kidole mabati ya darini. Goti lilikuwa limepungua. Halikuwa goti bado, lakini lilianza kufanana nalo.

— Wamemchoma sindano mara mbili jana, mkewe alisema, bila salamu. Usiku amelala. Leo amekula.

Kinyozi akaketi kitandani miguuni kwa mtoto. Akatoa bahasha, akamwambia barua imetoka. Imesema si wewe, wala si mimi. Ni kipande kimoja ndani humo, kilitoa nakala ikaangukia pasipo pake. Hata mdogo wako hana neno. Aliyasema haraka, yote kwa pumzi moja.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Akageuza kitambaa upande uliobaki baridi.

— Kwa hiyo ulikuwa unaingoja barua ndiyo uje, alisema.

Hakulisema kama swali. Mtoto alifika kwenye bati la kumi na moja, akapotea, akaanza upya, na baba yake akanyanyua macho darini akawa anahesabu naye. Walipofika kumi na tano, mkewe alimnyooshea kile kitambaa kinachodondosha maji.

— Shika hapa, alisema. Usikandamize. Mimi nikaoge.